BINTI WA SULTANI, KAIZARI, NA DADA ALIYEFUNGIWA MLANGO



Ndugu zangu, somo la leo ni refu kidogo. Chukua chai yako, kaa, soma mpaka mwisho, ndipo uandike maoni yako.

Juzi baada ya Isha hapa Tukuyu, mvua inanyesha kama kawaida yetu, kijana mmoja alinisubiri mlangoni pa msikiti. Ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja. Akaniambia: "Sheikh, mama yetu ni mgonjwa, hali si nzuri. Kila siku anamtaja dada. Dada aliolewa na Mkristo miaka tisa iliyopita, akabatizwa. Kaka zangu wamesema akikanyaga uwanja wetu watamtoa kwa fimbo. Wanasema dini ndiyo inayotaka hivyo. Ni kweli?"

Kabla ya kumjibu nikamuuliza, "Unamjua Sayyida Salme?"

Akasema, "Yule binti wa Sultani wa Zanzibar? Nimeona video yake kwenye simu."

Subhanallah. Vijana wetu wanazijua habari za wafalme kuliko habari za majirani zao. Diana alikufaje Paris mwaka 1997, Harry kakosana na kaka yake kwa lipi, nani alivaa nini siku ya harusi. Mimi sikatai. Habari za wafalme ni darasa. Qur'an yenyewe imetusimulia Firauni, malkia wa Sabaa, na mfalme aliyeota ng'ombe saba. Ila ukisoma habari ya mfalme ukaishia kwenye mavazi na majumba, umekula ganda ukatupa ndizi.

Basi leo tule ndizi yenyewe. Na msimamo wangu nausema mapema ili asije mtu kusema nimezunguka: hukumu ya mirathi ni jambo moja, na kumkata ndugu ni jambo jingine. Anayeyachanganya haya mawili anaidhulumu dini, na anamfungulia mlango mgeni asiyemtakia mema.

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Qur'an juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kumbuka kalamu hiyo, maana ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1856 baba akafariki baharini akirudi kutoka Oman. Msiba ukawa mlango wa fitina. Thuwaini akashika Oman, Majid akashika Zanzibar, na Barghash akakitaka kiti cha Majid. Mwaka 1859 Barghash akaasi. Na nani aliyemwandikia barua zake za siri? Salme, binti wa miaka kumi na mitano, kwa sababu kalamu aliijua. Uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid akamsamehe dada yake, na dada akapatana na Majid. Barghash hakulisahau hilo.

Miaka ikapita. Salme akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akapata mimba. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko, mwaka 1867, akabatizwa, akaolewa, akaitwa Emily, akaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu, akafa. Akabaki mjane na watoto watatu wadogo, katika nchi ya baridi, bila kabila wala jamaa.

Sisimami hapa kumsafisha. Kutoka kwenye Uislamu ni msiba mkubwa, na tunamwomba Allah atuthibitishe. Hata kitabu chake, kilichotoka mwaka 1886, kimeutetea utumwa. Hakuwa walii. Lakini alikuwa dada ya watu, na watu hao walikuwa watawala. Sasa angalia wakubwa wa dunia walivyomtumia.

Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alikwenda London kama mgeni wa Waingereza. Salme akafunga safari kumfuata, akitaka suluhu na kaka yake. Kwa simulizi yake mwenyewe, Sir Bartle Frere alimtaka asimsogelee Sultani, naye akaahidiwa kwamba wanawe wataangaliwa. Kwa nini? Waingereza walikuwa na shughuli zao na Barghash, hawakutaka machozi ya dada yawaharibie. Salme akarudi bila kumwona kaka yake, na ile ahadi nayo ikayeyuka.

Miaka kumi baadaye upepo ukageuka. Februari 1885 Kaizari Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya kuzichukua sehemu za bara ambazo Carl Peters alizizungukia na mikataba yake. Barghash akapinga. Bismarck, kansela wa Kaizari, akatuma manowari. Agosti 1885 zikatia nanga mbele ya jumba la Sultani. Na nani akaletwa nazo? Salme na watoto wake! Akiguswa, ni raia wa Ujerumani, hiyo ni sababu tosha ya kufyatua mizinga. Asipoguswa, ni mdai wa mirathi aliyesimama nyuma ya mizinga.

Barghash akakubali madai ya Wajerumani. Je, Salme alipata nini? Watu wa mjini walimsalimia njiani kwa furaha. Kaka yake hakumpokea. Dai lake la mirathi Wajerumani wakaliacha njiani, maana walichokitaka walikwisha kukipata. Mwaka 1888 Barghash alipofariki alirudi tena, akatoka mikono mitupu. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba alizikwa pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliouhifadhi muda wote huo.

Ndugu zangu, wahenga walisema: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. London na Berlin hawakuchukua jembe wakaenda zao shambani. Walikuja na kapu wakati ndugu wangali wanagombana. Mwaka 1875 ilikuwa faida kwao kumweka dada mbali, wakamweka mbali. Mwaka 1885 ilikuwa faida kumleta, wakamleta. Huruma haikuwamo hata siku moja.

Sisemi ukoloni uliletwa na ugomvi wa Salme na Barghash. Wajerumani wangekuja tu. Ninachosema ni kwamba walikuta nyumba ina ufa, wakautumia. Mwaka 1886 wakubwa wa Ulaya wakampimia Sultani ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1890 wakachora mpaka mpaka kwetu huku, Mto Songwe ukawa ukingo wa Mwingereza na Mjerumani. Na mji huu tunaouita Tukuyu wakaujengea boma na kuupa jina la Neu Langenburg. Jina la ugenini, juu ya kilima cha babu zetu.

Sasa mtu ataniuliza: "Sheikh, na hao wafalme wa Ulaya, wao walikuwa na udugu bora?"

Sikiliza. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani na mfalme George wa Tano wa Uingereza walikuwa wajukuu wa bibi mmoja, Malkia Victoria. Nicholas wa Pili wa Urusi alikuwa binamu wa George, mama zao ni ndugu, na mkewe Nicholas naye ni mjukuu wa Victoria. Familia moja! Binamu hawa walikuwa wakipiga picha pamoja wamevaa sare, wakifanana kama mapacha. Vita yao ikafika mpaka hapa. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka kutoka Nyasaland, likauchukua mji huu wa Tukuyu. Waafrika wa pande zote mbili wakabebeshwa mizigo ya ugomvi wa binamu, na wengi hawakurudi makwao.

Mwaka 1917 Nicholas akaanguka. Serikali ya Uingereza ikakubali kumpokea, kisha George mwenyewe akahofia kiti chake, akashinikiza mwaliko ule uondolewe. Mwaka huohuo akabadilisha hata jina la ukoo wake lenye asili ya Ujerumani, akajiita Windsor. Julai 1918 Nicholas, mkewe na watoto wao watano wakapigwa risasi katika chumba cha chini cha nyumba, usiku. Novemba mwaka huo Kaizari akakimbilia Uholanzi, akafia huko ugenini mwaka 1941. Ujerumani haikumrudishia taji, na boma la Tukuyu lilikwisha kupata bwana mwingine.

Aya ya 26 ya Surat Aal Imran inatufundisha kwamba ufalme ni wa Allah, anampa amtakaye na anamvua amtakaye. Lakini angalia: taji huvuliwa na Allah. Undugu tunauvua sisi wenyewe, kwa mikono yetu. Na hilo tutaulizwa.

Turudi sasa kwa kijana wetu. Dini inasemaje?

Kwanza, mirathi. Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba Muislamu na asiyekuwa Muislamu hawarithiani. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Kwa hiyo Barghash alipokataa kumrithisha Salme mali za ndugu zao waliokufa Waislamu, alikuwa na pa kusimamia. Hukumu hii hatuipindi kumfurahisha mtu.

Pili, udugu. Mama yake Bi Asmaa binti Abubakar alikuwa mshirikina, akaja Madina kumtembelea bintiye. Asmaa akamuuliza Mtume (S.A.W) kama amuunge mama yake. Akamwamuru amuunge. Sayyidna Umar alipewa nguo, akampelekea nduguye aliyekuwa Makka, bado mshirikina. Surat Luqman aya ya 15 inamzungumzia mtoto ambaye wazazi wanamvuta kwenye shirki: asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema. Ikiwa mwenye kukuvuta kwenye shirki anastahili wema, vipi dada aliyekuja na machungwa kumwona mama yake mgonjwa?

Tatu, wasia. Ambaye hana fungu katika mirathi, sheria imeacha mlango wa wasia usiozidi theluthi. Imepokewa kwamba Bi Safiyya, mke wa Mtume (S.A.W), naye binti wa mkubwa wa kabila lake, alimuusia jamaa yake Myahudi sehemu ya mali yake. Kwa aliyetoka katika Uislamu wanazuoni wana maneno yao, basi nendeni kwa masheikh mkaulize. Msiifunge njia kwa hasira kabla ya kuuliza.

Sisi wa Rungwe tunaishi nyumba moja dini mbili. Wamoravian wamekuwa hapa tangu 1891, na Uislamu nao umeingia katika koo zetu. Mjomba wangu ni mzee wa kanisa. Siku baba yangu alipofariki, yeye na wanawe ndio waliofika wa kwanza na majembe. Walichimba kaburi kwa vipimo vya Kiislamu, kama tulivyowaelekeza, kisha wakasimama pembeni kwa adabu tukamswalia. Jioni wakaleta ndizi na maziwa. Ndaga fijo, mjomba. Ningemfungia mlango huyu, ningemlingania vipi? Kwa kelele kutoka nyuma ya ukuta?

Na tufikirie jambo hili: dada akifukuzwa nyumbani, anakimbilia kwa nani? Kwa wale wale mnaolalamika kwamba wamemchukua. Kisha siku mkigombania shamba la chai, atakuja na wakili, ofisa na mjumbe, nanyi mtashangaa. Mlango wa suluhu mliufunga wenyewe, akaingilia dirishani.

Nabii Yusuf (A.S) alitupwa kisimani na kaka zake. Allah akampa madaraka Misri, nao wakaja mbele yake na njaa. Angeweza kuwalipa. Akawasamehe, akawaita na wazazi wakae naye. Huo ndio ufalme wa kusimuliwa.

Nyinyi kaka wakubwa wa kijana yule, najua mnausoma ukurasa huu. Sijawataja wala sitawataja. Hamkuambiwa muukubali ubatizo wa dada yenu. Mmeambiwa mfungue mlango. Salme alikaa ugenini zaidi ya nusu karne akiulinda mchanga wa kwao. Majid, Barghash na yeye wote wamekufa, na hakuna awezaye kuwapatanisha tena. Mama yenu yu hai. Dada yenu yu hai. Gari kutoka kwake mpaka kwenu ni mwendo wa asubuhi moja. Mpigieni simu leo, kabla ya Maghrib.

Ewe Allah, wape shifaa wagonjwa wetu. Waongoze waliopotea, na uziunganishe nyoyo za ndugu waliokatana. Usijaalie nyumba zetu kuwa na nyufa za kuingilia adui. Aamin.

Kama una ndugu ambaye hujazungumza naye muda mrefu, usianze kwa kuniandikia mimi hapa chini. Mwandikie yeye.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.