Bima ya Afya kwa Wote na nafasi ya mfamasia wa Buguruni

Katika vitabu vya mipango, mgonjwa wa Buguruni huanzia zahanati au Kituo cha Afya Buguruni, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Amana, na ikibidi hufikishwa Muhimbili. Katika maisha ya kila siku, mara nyingi huanzia duka la dawa, jioni, baada ya kufunga biashara sokoni, akiwa na fedha kidogo mkononi na maelezo ya dalili za mtoto aliyebaki nyumbani. Anayempokea hapo ndiye mtumishi wa kwanza wa afya anayekutana naye, na pengine wa mwisho.

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, mazungumzo mengi yamehusu michango ya kaya na vitita vya mafao. Mfamasia hatajwi sana, kana kwamba kazi yake ni kuhesabu vidonge tu.

Tanzania si mgeni katika jambo hili. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu. Wauzaji walifundishwa, wakapewa orodha ya dawa wanazoruhusiwa kutoa, zikiwamo baadhi ya antibiotiki, na wakawekwa chini ya ukaguzi. Mpango huo ulienea Tanzania Bara, na Uganda na Liberia zikaufuata kwa namna yao. Hekima yake ilikuwa kukubali ukweli: watu wanakwenda dukani, basi duka na liwe mahali salama.

Jambo moja halikuguswa, nalo ndilo kiini cha tatizo. Mwenye duka hula kutokana na kile anachouza. Mama anapoomba antibiotiki kwa ajili ya mtoto anayeharisha maji bila damu, jibu sahihi kwa kawaida ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti, vidonge vya zinki, na maelezo ya dalili za hatari zinazodai kumkimbiza mtoto kituoni. Maelezo hayo huchukua muda wala hayana bei. Antibiotiki ina bei, na duka la pili haliko mbali. Mfamasia mwadilifu hukataa, mteja huvuka barabara, na kodi ya pango hubaki palepale. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Tunaweza kuwahubiria wauza dawa maadili (na sisi watu wa Kanisa hatujawahi kupungukiwa mahubiri), lakini utaratibu unaomwadhibu mtu kila anapotenda haki ni utaratibu mbovu.

Uingereza imejaribu njia nyingine. Tangu 31 Januari 2024, wafamasia wa England wanaweza kuhudumia magonjwa saba ya kawaida, likiwamo koo, na duka hulipwa kwa mashauriano yenyewe, hata mgonjwa akiondoka bila dawa. Wao wana wafamasia wengi na kumbukumbu zilizounganishwa. Sisi bado, na hofu ya madai ya uongo kwa mfuko wa bima si ya kupuuzwa. Hata hivyo, kanuni za bima zingeweza kuruhusu malipo madogo ya ushauri kwa maduka machache yenye mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi, kwanza katika kata kama Buguruni, yakikaguliwa kwa kulinganisha kumbukumbu za duka na zile za kituo cha afya kilicho jirani.

Kanisa lina sauti katika suala hili. Chuo Kikuu chetu cha Bugando, Mwanza, hufundisha wafamasia, na tangu 1992 Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii imekuwa daraja kati ya Makanisa na Serikali. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anapomsifu tabibu hamsahau mtengeneza dawa. Sauti hiyo kwa kawaida hudai malipo ya hospitali, na ni haki yake. Sasa ingefaa iulize pia nani atamlipa kijana wa Bugando siku atakapomwambia mama wa Buguruni kwamba mwanawe hahitaji dawa aliyoijia.