Mtaa Nao Una Historia: Tuwaulize Wazee Mapema

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi wa mtaa wetu hapa Homa Bay hatukuvunjika guu, lakini tulilowa hadi magotini. Nina kisa cha kweli cha kukusimulia, kisha nitatoa rai yangu.

Nilipokuwa mdogo tulikaa katika nyumba za kupanga karibu na ziwa. Jirani yetu alikuwa ajuza mmoja muuza omena. Sisi watoto tulimwita Dani, kama tunavyowaita nyanya zetu. Jioni aliketi mlangoni pake akichambua omena, na kila mpangaji mpya alipohamia, alimwonyesha mkuyu uliokuwa kando ya barabara na kumwambia, "Nyakwara, wakati wa Uhuru maji yalifika kwenye mti ule. Ziwa halijasahau njia." Watu walicheka. Hata baba alisema, "Dani amezeeka, wacha aongee."

Basi mwaka wa 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, ziwa likaanza kupanda. Kwanza vyoo vilijaa, kisha maji yakaingia jikoni kwa jirani, kisha chumbani mwetu. Tulibeba magodoro kichwani tukaenda kukaa kwa shangazi yangu mjini Migori. Dani alihamishiwa kwa mwanawe. Siku tuliyoondoka hakumcheka mtu. Alisema tu, "Si niliwaambia?"

Nilipofika sekondari, mwalimu wa jiografia alitueleza jambo lililonishtua. Kati ya mwaka wa 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa zilizonyesha karibu na Uhuru, Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Kiwango cha mwaka wa 1964 hakikuwahi kupitwa hadi Mei 2020. Kumbe yule mama tuliyemwona amezeeka alikuwa akituambia habari ambazo wataalamu wameziandika kwa vipimo!

Siku hiyo nilinunua daftari nimwandike Dani. Nikasema nitamwendea likizo ya Agosti. Agosti nikasema Desemba. Ndugu msomaji, Desemba tulikuwa matangani. Daftari bado ni jeupe.

Mkuyu nao ulikatwa, ukawa makaa. Leo mahali pale pale kuna watu wanachimba misingi ya nyumba mpya za kupanga. Wakiniuliza maji ya zamani yalifika wapi hasa, nitawajibu nini? Je, yaliishia upande wa ziwa au yaliuzunguka mti? Yalikaa wiki mbili au miaka miwili? Watu walihamia wapi? Sijui. Aliyejua nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi na sikumuuliza.

Kwa hivyo rai yangu ni hii: chama chetu cha Kiswahili kianze kuandika historia ya mitaa yetu kutoka vinywani mwa wakaazi wenyewe. Na kianze muhula huu, si muhula ujao.

Najua wengine watapinga. Watasema, "Kwani mtaa wa mabati una historia gani? Hiyo ni ya Lamu na Mombasa." Hebu tutazame karibu. Kule Kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kale lenye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mwaka wa 2018 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Waliojenga pale walikuwa watu wa kawaida waliotafuta usalama wao na wa mifugo wao. Tofauti ni kwamba mawe hukaa. Nyumba zetu za matope na mabati hazikai, na ndiyo sababu maneno yetu yanahitaji karatasi.

Wengine watasema wazee husahau na hutia chumvi. Ni kweli, hata vijana hutia. Lakini marehemu Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alikusanya masimulizi ya wazee wa Kijaluo, akayalinganisha, na mwaka wa 1967 akachapisha kitabu cha historia ambacho wasomi wanakitegemea hadi leo. Siri ni kulinganisha. Tuulize watu watatu, si mmoja. Wakitofautiana, tuandike zote tatu.

Tena tusimlazimishe mzee kutaja mwaka. Shangazi alinikutanisha na mzee mmoja kule Migori. Nilipomuuliza alioa mwaka gani, alitikisa kichwa. Nilipomuuliza kama mgodi wa Macalder ulikuwa ukifanya kazi, alijibu mara moja, "Ulifungwa mwaka uliofuata." Mgodi ule ulifungwa mwaka wa 1966. Basi mzee amekwisha kukuambia kwamba alioa mwaka wa 1965. Uhuru, kupanda kwa ziwa na kufungwa kwa mgodi ndiyo kalenda ya wazee wetu.

Maswali yawe madogo madogo. Maji mlichota wapi? Duka la kwanza lilikuwa la nani? Kodi ilikuwa pesa ngapi? Na kwa nini katika mji wa Wajaluo kuna mitaa yenye majina ya Kiswahili kama Shauri Yako na Makongeni? Swali hilo la mwisho ni letu hasa sisi wanachama wa Kiswahili. Mzee akisema kwa Dholuo, tuandike Dholuo kwanza, kisha tutafsiri. Na akisema, "Hili usiandike," tuweke kalamu chini. Kuna mambo ya mashamba na ya familia ambayo si ya gazeti.

Walimu wetu wapendwa, sisemi tuache masomo. Mzee mmoja kwa mwanafunzi mmoja, Jumamosi moja kwa muhula, hakutamwangusha mtu mtihani. Tukiwa wanachama thelathini, tutakuwa na kurasa ambazo hakuna maktaba yoyote inazo. Nakala moja ikae shuleni, nyingine apewe chifu, ili anayetaka kujenga karibu na ziwa aweze kuuliza kabla ya kuchimba msingi.

Mimi nimeshaanza. Daftari la Dani nimelipeleka kwa rafiki yake waliyeuza naye omena. Anasikia kwa shida na anachoka upesi, lakini mkuyu anaukumbuka.

Nawe msomaji, kwenu kuna nani? Mwendee wiki hii. Tukichelewa tena, basi shauri yetu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu