Ukiishiwa nauli, rudi kwenu

JICHO LA PEMBENI
Na Rehema Kiondo

Kuna ombaomba nisiyemwonea huruma hata chembe, na wiki hii nimemkuta Bangkok. Ana afya, ana simu nzuri, ana pasipoti inayofungua karibu kila mlango wa dunia, na anawaomba fedha watu wasio na hata kimoja kati ya hivyo.

Walikuwa wawili, kijana na msichana, Wazungu, wamekaa juu ya daraja la waenda kwa miguu pale Pratunam. Mabegi yao makubwa yamelazwa kando. Mbele yao kipande cha boksi kimeandikwa kwa Kiingereza na chini yake kwa Kithai, asije mtu akasema hakuelewa: tunazunguka dunia bila fedha, tusaidie tuendelee. Pembeni ya boksi kuna kofia, na ndani ya kofia kuna noti.

Ninyi wa siku zote mnajua nilivyo na watu wa shanta. Nimewatetea hapa mpaka wenye mahoteli wakaninunia, na neno langu liko palepale: kusafiri na begi moja mgongoni, ukilala bwenini na kula barabarani, ni njia ya heshima ya kuijua nchi ya watu. Ndiyo maana hasira ilinipanda. Wale wawili wameivaa heshima hiyo bila kuilipia.

Nikiwa bado nimesimama akapanda ngazi mama mmoja muuza matunda. Toroli lake hukaa chini ya daraja hilohilo: papai, nanasi, mapera na maembe mabichi juu ya barafu. Anakukatia hapohapo, anatia kwenye mfuko wa nailoni na kijiti cha kuchomea, na chumvi yenye pilipili kando. Mfuko mmoja ni baht 20, fedha isiyofika shilingi elfu mbili za kwetu. Mama yule akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa noti ya 20, akainama, akaiweka kofiani kwa adabu, akaenda zake. Msichana akaunganisha viganja kifuani, kama alivyowaona wenyeji wakifanya.

Mfuko mzima wa matunda. Si faida yake, bei yote.

Nikamfuata kijana, nikamuuliza kama haoni aibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Akanijibu taratibu kwamba watu wa hapa wana moyo, hawalazimishwi, na kwamba anataka kufika Laos. Moyo wanao kweli. Wathai walio wengi ni Wabudha, na kutoa kwao ni thawabu. Alfajiri watawa wanapita mitaani na mabakuli yao, na watu wanatoka kuwapa chakula. Kijana ameliona hilo, amepiga hesabu, amekaa palipo na wapitaji wengi. Watawa wale wameacha mali. Yeye anataka nauli ya Laos.

Nilikuwa na dada mmoja wa Kariakoo. Pratunam, kwa asiyejua, ni mahali ambapo wafanyabiashara wetu wengi wamefunga mizigo ya nguo kwa miaka, na dada huyu ni mmoja wao. Aliwatazama, akanigeukia.

“Mdogo wangu, hawa walipitaje uwanjani?”

“Wao hawaombi viza, dada.”

“Mimi nimeombwa mpaka taarifa ya benki.”

Hakuongeza neno, na hapakuwa na la kuongeza. Thailand ilipofungua milango Julai 2024, raia wa nchi 93 wakaruhusiwa kuingia bila viza kwa siku 60. Tanzania haikuwamo. Dada yangu yule, anayekuja kuacha fedha zake katika maduka ya Pratunam, anaonyesha fedha benki, anaonyesha tiketi ya kurudi, anaonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wale waliokuja kuchukua fedha za wauza matunda hawakulazimika kusumbuka hivyo. Chanzo cha uchafu huu ni hicho, na sitaki kuambiwa kingine. Mtu aliyezoea kupokelewa kila mahali bila kuulizwa ana nini mfukoni hufika mahali akaamini kwamba safari yake ni jukumu la wenyeji.

Msomaji wangu wa Korogwe, ambaye barua zake zote humalizia kwa “na bei je?”, leo nitamjibu mapema, kwa sababu bei ndizo zinazowahukumu hawa. Bangkok ni jiji lililokwisha kumhurumia msafiri mwenye kidogo. Treni ya kutoka uwanja wa Suvarnabhumi hadi Phaya Thai ni baht 45, na Ratchaprarop, kituo cha kabla ya Phaya Thai, kinakushusha jirani na Pratunam. Basi lisilo na kiyoyozi ni baht 8. Boti za mfereji wa Saen Saep, zinazokata katikati ya jiji huku utingo akitembea ukingoni kukusanya nauli, haziwezi kukumalizia mkoba. Mtoni Chao Phraya boti yenye bendera ya rangi ya machungwa ni baht 16, na kuvuka kwenda Wat Arun ni sarafu chache tu. Wali na nyama ya kukaanga na majani ya rehani, yai juu, ni baht 50 au 60. Maji ya kunywa yako kwenye mashine za mitaani. Ukienda na chupa yako, lita moja ni baht 1. Kitanda cha bwenini kinapatikana kwa baht 300. Bustani ya Lumphini, wanakotembea kenge wakubwa bila kumwogopa mtu, haina kiingilio. Treni ya daraja la tatu kwenda Ayutthaya inakaribia hiyohiyo baht 20 ya mama wa matunda.

Hayo yote ni ukarimu, tena ukarimu unaobebwa na migongo ya watu. Wali ule ni rahisi kwa sababu mpishi wake ameamka usiku, na pengine ametoka Isan, kaskazini-mashariki, na kuna wazazi wanaosubiri fedha huko. Mshahara wa chini wa kisheria Bangkok ulifika baht 400 kwa siku mwaka 2025 tu, na mwenye toroli hana hata huo. Juu ya hapo, tangu 2014 jiji limewaondoa wachuuzi katika barabara nyingi; waliokuwa wakiuza maua barabarani pale Pak Khlong Talat waliondolewa 2016. Wamachinga wetu hawahitaji kuelezewa habari hiyo. Kwa hiyo juu ya daraja lile mwenye kazi ndiye anayeweza kufukuzwa wakati wowote, na asiye na kazi amenyoosha miguu.

Wasafiri Tony na Maureen Wheeler walipotoa kitabu chao cha kuzunguka Asia ya Kusini-Mashariki kwa fedha kidogo, mwaka 1975, waliwafundisha vijana wa kwao kubana matumizi. Kubana matumizi maana yake ni kujinyima wewe. Haijawahi kuwa maana yake kumnyima mwenye toroli.

Vijana wa kwetu nao wameanza kufunga shanta, wa Dar na wa Nairobi, na nawafurahia. Nendeni. Jazeni fomu zao za viza bila kuchoka, laleni bwenini, pandeni boti ya Saen Saep, lipeni bei mliyotajiwa kwenye toroli bila kubishania baht 5. Fedha zikikaribia kwisha, tumieni za mwisho kurudi. Na mkiikuta kofia ile darajani, msitie kitu, hata mkiombwa kwa Kiswahili.

Serikali ya Thailand nayo haina haja ya kutunga lolote jipya. Kule kisiwani Bali, Indonesia, walitangaza mwaka 2019 kwamba watalii wa namna hii watapelekwa kwenye balozi zao, wakahudumiwe na wenyewe. Thailand yenyewe ina sheria yake ya kudhibiti ombaomba tangu 2016. Inakataza kuomba mitaani, na hata anayepiga muziki barabarani anatakiwa awe na kibali. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Wathai maskini peke yao. Itumike pia kwa wenye pasipoti nzuri.