Uchambuzi: Kwa nini kuwafundisha vijana juu ya SIDA na mimba hakutoshi kuwakinga

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mashirika mengi yanayoshughulikia afya ya vijana hupima kazi yao kwa hesabu moja: vijana wangapi wamehamasishwa. Orodha ya waliohudhuria inasainiwa, picha zinapigwa, ripoti inatumwa kwa mfadhili. Lakini tafiti zilizofanywa Tanzania, Kenya na hata Kinshasa zinaonyesha kwamba hesabu hiyo haisemi kama kijana amekingwa au hapana.

Swali hili lina uzito zaidi sasa. Mwezi wa kwanza 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia mwezi wa saba shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, miji ya Goma na Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23. Pesa ya kinga imepungua wakati mahitaji yanaongezeka. Kile kidogo kilichobaki kinapaswa kwenda kwenye kazi yenye matunda.

Somo la Mwanza

Mfano unaojulikana zaidi uko kando ya Ziwa Victoria, katika mkoa wa Mwanza, Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walichagua jamii 20 za vijijini. Kumi kati yake zilipata mpango wa MEMA kwa Vijana: masomo katika madarasa ya mwisho ya shule ya msingi, wauguzi waliofundishwa kupokea vijana vizuri, na vijana wenzao waliosambaza kondomu. Kumi zingine zilibaki za kulinganishwa.

Mwaka 2007 na 2008, watafiti walirudi na kupima vijana karibu 14.000. Vijana waliopitia mpango huo walikuwa bado wanakumbuka mafundisho, miaka mingi baadaye. Lakini maambukizi ya virusi vya SIDA hayakupungua kwao kuliko kwa wengine. Vijana walijua, ila maisha yaliyowazunguka, yaani umaskini, desturi na tabia za watu wazima, yalibaki yaleyale.

Habari ipi, na kwa nani?

Magharibi mwa Kenya, utafiti uliohusu shule za msingi 328 ulitoa jibu lingine. Walimu walipofundishwa kutoa somo rasmi la SIDA, lenye kusisitiza kujizuia hadi ndoa, mimba za wasichana hazikupungua. Lakini katika shule 71, wanafunzi walipewa kipindi cha dakika 40 tu. Walionyeshwa takwimu za maambukizi kwa umri na jinsia, na wakaona kwamba wanaume wenye umri mkubwa, wale wanaowapa wasichana pesa na zawadi, wana virusi mara nyingi kuliko wavulana wa rika lao. Katika mwaka uliofuata, mimba za wasichana zilipungua kwa asilimia 28.

Katika shule hizohizo, watafiti walijaribu pia kutoa sare za shule bure. Ndani ya miaka mitatu, wasichana waliopata mimba walishuka kutoka asilimia 16 hadi 13, kwa sababu wengi zaidi walibaki darasani. Hata hivyo, sare peke yake haikupunguza magonjwa ya zinaa.

Kinshasa nako, katika mitaa ya Masina na Kimbanseke, mpango wa Bien Grandir ulifuata vijana wa miaka 10 hadi 14, walio shuleni na wasio shuleni, pamoja na wazazi wao. Ujuzi wao juu ya kuzuia mimba na SIDA uliongezeka. Fikra zao juu ya nafasi ya mvulana na ya msichana ndizo zilikuwa ngumu kubadilika.

Kivu inaweza kufanya nini?

Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa Kongo wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini katika sekondari wazazi bado wanalipa. Kwa hiyo msichana anafukuzwa kwa kukosa pesa ya shule katika umri uleule ambao anahitaji kinga zaidi.

Kamituga, mji wa dhahabu katika wilaya ya Mwenga, Kivu Kusini, ni mfano mwingine. Hapo ndipo aina mpya ya mpox ilipogunduliwa, ikienea kwa sehemu kubwa kwa njia ya ngono, kabla OMS haijatangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 mwezi wa nane 2024. Msichana anayeishi kwa pesa ya wachimbaji hawezi kula onyo la kuepuka ngono. Anahitaji kondomu, chanjo, matibabu yasiyo na matusi, na njia nyingine ya kupata riziki.

Hiyo haimaanishi kufuta mafundisho. Bila ujuzi, kijana hajui hata kwamba kuna kituo cha afya cha kumsaidia. Lakini ripoti ya mpango wa vijana ingepaswa kujibu maswali matatu kabla ya kutaja idadi ya waliohudhuria. Je, vijana walipewa habari ya hatari iliyo karibu nao, hata kama inawataja wakubwa wenye pesa? Je, kituo cha afya cha karibu kina dawa na muuguzi anayewapokea bila kuwagombeza? Je, wasichana wangapi walioanza mwaka wa shule walimaliza?

Majibu ya maswali hayo hayahitaji hoteli wala posho ya semina. Mengi yamo katika madaftari ya shule na ya vituo vya afya, na wazazi wana haki ya kuyaulizia.