Kabla ya kuchagua rangi za tovuti, uliza imesajiliwa kwa jina la nani

Mmezoea kuniuliza mbegu na chanjo za kuku, lakini wiki hii viongozi wa kikundi kinacholea yatima wamenijia na swali lingine: watengenezeje tovuti yao? Nina maoni, maana jambo hili limeshaniumiza.

Kutengeneza siyo kazi ngumu. WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ulioanza mwaka 2003, ni wa bure, na anayeweza kuandika barua pepe atajifunza kuweka habari na picha. Pesa inakwenda kwenye jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi, na vyote viwili vina ada ya kurudia. Hapo ndipo tulipokwama.

Kikundi nilichokuwa nakisaidia zamani kilimwachia kijana mmoja kila kitu. Alisajili jina kwa barua pepe yake, neno la siri akabaki nalo. Kazi yake ilikuwa nzuri, nakiri. Baadaye akapata ajira mbali, akabadili laini, na taarifa ya kulipia ada ikaenda kwenye barua pepe asiyoifungua tena. Tovuti ikazimika. Mfadhili aliyeahidi kuchangia kisima akaitafuta, hakukuta kitu, akauliza kama bado tupo. Tulijieleza wiki tatu. Kisima hakikuchimbwa mwaka ule. Kijana simlaumu, mimi ndiye niliyesema, "Mwachieni, yeye anajua kompyuta."

Kwa hiyo msianze kubishania nembo. Fungueni kwanza barua pepe ya kikundi, siyo ya mwenyekiti wala ya mtoto wa mwenyekiti, na jina lisajiliwe kwa hiyo. Hapa Tanzania mashirika yasiyotafuta faida hutumia majina yanayoishia na .or.tz. Neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha, lifungiwe pamoja na kitabu cha hundi. Ada iingie kwenye bajeti kando ya kodi ya pango.

Fundi mpeni akaunti yake mwenyewe. WordPress ina ngazi za watumiaji: msimamizi, mhariri, mwandishi na wengine. Akiondoka mnaifuta akaunti yake, na mfumo utawauliza habari alizoandika apewe nani. Usimamizi wawe nao viongozi wawili, kwa sababu mmoja akiugua kazi isisimame.

Najua wapo wanaosema ukurasa wa Facebook unatosha. Kwa kuuza vifaranga, sawa. Lakini mtu anayetaka kutoa pesa zake kwa yatima anatafuta katiba yenu, namba ya usajili na taarifa ya matumizi, na vitu hivyo kwenye Facebook vinazama chini ya picha za harusi. (Na picha za watoto, jamani, msiweke ovyo na majina yao kamili.)

Kama tovuti mnayo tayari, leo jioni mpigieni aliyeitengeneza, mumuulize mambo mawili: imesajiliwa kwa barua pepe gani, na ada inaisha lini?