Fonti ya seli tupu aliichagua nani?

Jamani, leo naomba mnivumilie. Wenzangu wanaandika juu ya katiba, mgawo wa umeme na bei ya sukari, mimi nataka kuzungumzia fonti. Tena si fonti ya kichwa cha habari, ambayo angalau mhariri anaigombania. Nazungumzia fonti ya seli tupu za Excel, zile ambazo hakuna mtu aliyeandika chochote bado. Najua kuna atakayesema huyu kijana kaishiwa habari. Subirini kidogo.

Fungua faili jipya la Excel sasa hivi, halafu bofya seli yoyote iliyo tupu. Tazama kule juu kwenye kisanduku cha fonti. Tayari kuna jina. Kama mashine ya ofisini kwenu bado ina Office 2003 (msicheke, zipo) utakuta Arial 10. Kama ni Office 2007 au zile zilizofuata, utakuta Calibri 11. Kama ni Microsoft 365 iliyosasishwa kuanzia mwaka 2023, utakuta Aptos Narrow. Hujaandika hata herufi moja, lakini kuna mtu ameshaamua maandishi yako yatafananaje.

Kwa Kiswahili jambo hili limepewa jina la chaguo-msingi. Ni neno zuri, ila kila nikiliona linanichekesha. Chaguo la nani? Calibri ilichorwa na Mholanzi anayeitwa Lucas de Groot. Aptos ilichorwa na Mmarekani, Steve Matteson, na kabla ya kupewa jina hilo iliitwa Bierstadt, ikashindanishwa na fonti nyingine nne ambazo Microsoft walizitangaza mwaka 2021. Walikusanya maoni ya watu, sawa. Lakini karani wa mtendaji wa kata kule Ilemela, ambaye ndiye anayeshinda kutwa akijaza majina ya kaya kwenye hizo seli, sidhani kama aliulizwa.

Na tusijifanye kwamba haya mambo yametuzidi kimo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, pamoja na kikokotoo chake cha lahajedwali. Watu waliweza kubadili lugha ya programu yenyewe. Sisi tuliosoma hadi digrii, na wengi wetu tunaandika "Excel" kwenye wasifu wa kuombea kazi, tunashindwa kubadili fonti?

Kwa nini lakini tuibadili? Andika neno Ilala kwa Arial. Herufi mbili za kwanza, I kubwa na l ndogo, zinatoka kama nguzo mbili za goli. Hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Kwenye jina la wilaya haina madhara maana sote tunaijua Ilala. Sasa ihamishie kwenye namba ya risiti, au kwenye namba ya faili la kesi yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika. Mtu akigonga l mahali pa 1, wewe unayesoma haraka unaweza usione kitu. Excel yenyewe inaona: kwake hiyo si namba tena, ni maneno, na ukijumlisha safu kwa SUM inairuka kimya kimya bila kukuambia. Jumla inapungua na karatasi inaonekana safi kabisa. Tahoma na Verdana zimeipa I kubwa vijistari juu na chini, kwa hiyo kosa kama hilo lina nafasi kubwa zaidi ya kuonekana na macho ya binadamu. Kuna na wale wapenda urembo wanaoweka Georgia kwenye hesabu za fedha. Tarakimu za Georgia zinapanda na kushuka kwenye mstari. Ndani ya hadithi zinapendeza, lakini ndani ya safu ya shilingi ni kama watoto wanaoruka kamba.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Nenda File, kisha Options, kisha General. Hapo kuna sehemu inayouliza fonti ya kutumia unapounda faili jipya, na ukubwa wake. Chagua, funga Excel, ifungue tena. Kuanzia hapo kila faili jipya litazaliwa na fonti yako. Mafaili ya zamani hayaguswi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani imegoma. Kwa faili ulilokwisha kulifungua njia ni nyingine: Home, kisha Cell Styles, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya Normal, chagua Modify, halafu Format. Ukibadili fonti pale, seli zote ambazo hazijawahi kupewa fonti yake binafsi zinageuka, zikiwemo tupu. Wanaotumia LibreOffice wabonyeze F11 wairekebishe mitindo yao hapo.

Njia ambayo ofisi nyingi zinatumia ni ya tatu, na ndiyo inayonikera. Mtu anabonyeza Ctrl na A, anashika karatasi nzima, anachagua fonti anayoipenda. Karatasi moja ya Excel ina seli zaidi ya bilioni 17, na zote amezipaka rangi moja kwa mpigo. Vichwa vya safu vilivyowekwa tofauti kwa makusudi vinapotea. Akiongeza karatasi mpya kwenye faili hilohilo, inarudi na fonti ya zamani, kwa hiyo anapaka tena. Ni sawa na kupiga rangi ukuta unaovuja.

Halafu kuna hili la upana. Excel inapima upana wa safu kwa tarakimu za fonti ya mtindo wa Normal. Ukibadili fonti ile, vipimo vya safu vinasogea nayo, na jedwali lililokaa vizuri kwenye karatasi moja ya A4 linaweza kumwaga safu ya mwisho kwenye karatasi ya pili. Ukimtumia faili la Aptos mtu mwenye Office ya zamani ambayo haina fonti hiyo, mashine yake inatafuta mbadala, na namba zisizoenea zinageuka alama za reli #####. Nimeona mtu akizisoma hizo akidhani tarakimu zimefichwa kwa sababu za usiri! Kwa hiyo ofisi ikubaliane fonti moja ambayo kila mashine inayo, iwekwe kwenye kila kompyuta, basi. Haihitaji semina ya siku tatu Bagamoyo yenye posho.

Sasa nifike kwenye sababu iliyonifanya niandike, maana hapa tunaingia kwenye kazi yangu.

Mtu akiandika moja kwa moja kwenye seli tupu, maandishi yanachukua fonti ya seli ile. Akinakili kutoka faili jingine na kubandika kwa njia ya kawaida, maandishi yanakuja na fonti ya kule yalikotoka. Matokeo yake ni kwamba faili lililopita mikono mingi linabeba nyayo. Niliwahi kupata orodha ya wanufaika kutoka ofisi moja ya umma. Ilinifikia ikiwa imeng'arishwa, kila mstari fonti moja, kama sare ya shule. Mwenzetu mmoja chumba cha habari alikuwa ameiremba kwa ile Ctrl na A kabla ya kunipa, kwa nia njema kabisa. Nikaomba nakala nyingine kwa aliyetupatia. Nakala hii ya pili ilikuwa na majina mengi kwa Arial, na katikati yake, yametawanyika, majina machache kwa Calibri. Nilipouliza nikaambiwa yale machache yaliletwa baadaye kwenye orodha nyingine. Baadaye lini? Tukaomba muhtasari wa kikao, na muhtasari ndio uliotupa habari, maana tarehe ya mwisho ya kupokea majina ilikuwa imeshapita.

Naomba nieleweke: fonti haikuthibitisha chochote. Ilinionyesha mahali pa kuuliza. Kungeweza kuwa na maelezo ya kawaida tu, kwamba karani mmoja ana mashine mpya na mwenzake ana ya zamani. Wanaosahau tofauti hii wajikumbushe Pakistan mwaka 2017. Jopo lililokuwa likichunguza mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif lilipewa hati ya mwaka 2006 iliyohusu binti yake, Maryam Nawaz. Hati ilikuwa kwa Calibri, na Calibri ilifika kwa umma pamoja na Office 2007, iliyoanza kuuzwa Januari 2007. Dunia nzima ikacheka. Lakini matoleo ya majaribio yenye fonti hiyo yalikuwepo kabla, kwa hiyo mtu angeweza, kwa taabu, kuwa nayo mwaka 2006. Na Mahakama ya Juu ilipomwondoa Sharif madarakani Julai 2017, sababu iliyotajwa ilikuwa mshahara ambao hakuutangaza kutoka kampuni moja ya Dubai, wala si fonti. Maryam alihukumiwa mwaka 2018, akashinda rufaa mwaka 2022, na mwaka 2024 akawa waziri mkuu wa jimbo la Punjab. Waandishi walioishia kwenye kichekesho cha fonti walipitwa na habari yenyewe.

Ndiyo maana nina misimamo miwili inayoonekana kugombana. Faili lako wewe, unalolianzisha leo, libadilishie fonti mapema kabla seli haijaandikwa kitu, na uibadilishe kwenye mipangilio, si kwa kupaka. Faili uliloletewa na mtu, usiliguse. Lihifadhi kama lilivyokuja, na ubaya wake wote, na fonti zake nne na rangi yake ya njano. Tengeneza nakala, kwenye nakala fanya urembo wako wote unaoutaka. Na nyie mnaotutumia data, tafadhali msitusafishie. Ile mistari isiyofanana mnayoionea aibu, mara nyingi ndiyo ninayoitafuta.

Kwenye mashine yangu mimi nimeweka Tahoma 10. Mhariri wangu anasema inafanana na tangazo la saluni. Yeye ratiba ya zamu anaipanga kwa Comic Sans, kwa hiyo bado tunabishana.