Fundi wa Kibandani Naye ni Mwalimu

Siku hizi wanafunzi wa mitindo ya mavazi katika vyuo vyetu wamezuka na kazi ya kupendeza. Huenda Gikomba au Kongowea, wakanunua mitumba isiyotakikana, wakaifumua, wakaikata na kuiunga upya. Suruali mbili za jinzi huwa koti. Shati pana la mwanamume likawa gauni la msichana. Nguo hizo huvaliwa jukwaani, watu wakapiga makofi na kusema ni ubunifu mpya.

Kazi hiyo siipingi. Robota huuzwa likiwa limefungwa, na mchuuzi hajui lililomo mpaka alikate kamba. Mara nyingi hukuta nguo zilizochanika, zenye madoa, au za baridi isiyojulikana huku kwetu. Zisiponunuliwa huishia jaani, na nyingi zimefumwa kwa nyuzi za plastiki zisizooza upesi. Kila inayookolewa ni nafuu.

Lakini hilo neno "mpya" ndilo linalonikera. Pembeni mwa masoko hayo hayo wako mafundi wenye cherehani za kukanyaga, ambao miaka nenda miaka rudi wanapunguza viuno, wanageuza kola iliyolika, na kutoa kaptura ya mtoto katika suruali ya baba. Fundi huyo humtazama mteja mara moja tu akajua pa kukata. Hana cheti, wala hakuna aliyempigia makofi. Wahenga walinena, mcheza kwao hutuzwa. Huyu amecheza kwao, na tuzo wamepewa wengine.

Mwanafunzi naye hupata hasara. Darasani huzoea kitambaa cha jora, kilicho sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Nguo kuukuu sivyo ilivyo: hapa imevutika, pale imepauka, na goti limekwisha kulegea. Kujua wapi itahimili sindano na wapi itachanika ni elimu ya mkono, nayo hupatikana kwa aliyeshona nyingi.

Basi nawaomba wakuu wa vyuo wamlete fundi darasani, tena wamlipe kama wanavyowalipa walimu wengine. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa upo nchini. Mafundi hawa nao wapimwe, wapewe vyeti vyao. Na siku ya maonyesho, jina la fundi aliyefunza litajwe pamoja na la mwanafunzi aliyeshona. Hapo nami nitakuja kupiga makofi.